Mfuko wa Kifuani

Umeme ulikatika saa nne kasorobo,
mguu wangu bado uko juu ya pedali.
Sindano ikazama katikati ya kola
ikabaki humo
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Januari. Pasua yote inanuka vumbi na ada.
Wageni wa Krismasi wameshapanda mabasi,
wametuachia mifupa ya mbuzi, mchango wa harusi ya Aprili,
na chaja moja isiyoingia simu ya mtu yeyote hapa.
Mashati kumi na tisa meupe yananisubiri.
Shule zinafunguliwa Jumatatu.
Leo ni Ijumaa, na ina haraka kuliko mimi.

Nikadhani ni luku. Nikanunua ya elfu tano,
nikabonyeza tarakimu ishirini, nikakosea ya kumi na saba,
nikaanza upya,
jasho likidondokea vitufe kana kwamba nalo lina namba zake.
Kioo cha mita kilikuwa cheusi tangu mwanzo.
Hasira haina macho.
Kumbe ni mtaa mzima.

Maji nayo hutoka saa tisa usiku,
hupiga chafya mara mbili bombani kabla ya kuja.
Ukilala, umeyakosa. Ukiamka, umekosa usingizi.
Mimi nilikosa vyote:
niliamka, nikakinga, ndoo ina tundu.

Mlima? Usiniulize habari za mlima.
Watu huvuka bahari kuja kuuangalia.
Dirisha langu linatazama ukuta wa Kimaro
na jogoo wake, awikaye saa nane usiku na saa nane mchana,
hana saa, hana haya.
Alfajiri nilipotoka kumwaga maji machafu niliuona,
weupe kidogo kileleni, kama shati lililoanikwa na mvivu.
Nikasema: barafu yote hiyo,
na feni yangu imesimama.

Saa nane Mama Ndeshi akatoka kibarazani akigonga sufuria.
Friza lake limeanza kulia.
Barafu za ubuyu, za rozela, za maziwa,
jana mia mbili, leo bure,
"Njooni kabla hazijawa uji!"
Wakaja. Sijui mtaa huu huwaficha wapi watoto wote hawa.
Akaja fundi baiskeli, mikono ina grisi,
akaja mwalimu wa kwaya na kanzu yake begani,
akaja Kimaro mwenyewe,
ambaye hatujasemezana tangu kesi ya jogoo.
Midomo yote ikawa myekundu.
Mama Ndeshi alicheka na kuhesabu hasara kwa sauti ileile:
"Arobaini na mbili, kula mwanangu, arobaini na tatu."
Mimi nilikula nne.
Ya tano aliniletea Kimaro, bila neno.
Nikaipokea, bila neno.
Jogoo akawika.

Mara mtaa ukapiga kelele: Umerudi!
Redio tatu zikaanza katikati ya sentensi.
Tukapiga makofi kama tumeuwasha sisi,
nami bado nimesimama, plastiki mdomoni,
nanusa kitu,
namuuliza Kimaro, nani huyo anaunguza…

Pasi.

Niliilaza juu ya shati ikiwa imepoa,
lisipeperushwe na upepo.
Shati la kumi na moja, la Elirehema wa darasa la nne,
kifuani kushoto: doa la kahawia,
nyembamba mbele, pana nyuma,
jani la mbuni lililokaukia mtini.

Sikulia. Nilikaa kidogo.
Kisha nikakata mfuko, mkubwa kuliko kanuni za shule,
nikaupiga juu yake mishono miwili,
nikaongeza kifuniko, na kifungo.
Mama yake akiuliza, huo ndio mtindo wa mwaka huu.

Mwenyewe alikuja jioni kulijaribu.
Akatia mfukoni kalamu, goroli tatu,
na plastiki tupu ya barafu, ingali inanata.
Akafunga kifungo. Akafungua. Akafunga.
Akaniuliza wenzake wamekosea nini
mpaka wao wasipewe.